Rubani Arudiye Njiani Hulipwa Nini?

Ndugu msomaji, yawezekana nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza masomo ya urubani, na sasa ana barua mbili mezani, kila moja ikimwita kazini. Yawezekana pia jamaa wamekwisha kugawanyika, hawa wakitaka aende kule kwenye fedha, wale wakitaka aende kule kwenye jina. Ikiwa hali ndiyo hiyo, nakuomba unipe nafasi nikusimulie yaliyonipata mimi, kwani nami niliwahi kukaa mbele ya barua mbili za namna hiyo, nyumbani kwetu Tunduma, na nusura nichague kwa kulinganisha mishahara peke yake.

Ilikuwa mwaka 2014. Wakati huo Tunduma ilikuwa bado katika Mkoa wa Mbeya; Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu ni Vwawa, ulianzishwa mwaka 2016. Wewe uliyepita Tunduma unaujua mji wetu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka hapo kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Baba yangu alifanya kazi katika reli hiyo mpaka alipostaafu. Mama yangu alikuwa mama lishe. Aliwapikia madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka mpaka, na siku hizo, kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019, kungoja huko kuliweza kuchukua siku kadhaa. Hivyo nimekulia baina ya reli na barabara. Ndege nilikuwa nikiziona juu sana tu, zikipita bila habari nasi.

Usidhani hata hivyo kwamba pande zetu zilikuwa ngeni kwa ndege. Tangu mwaka 1932 ndege za barua za Imperial Airways, zilizokuwa zikisafiri kutoka Uingereza hadi Cape Town, zilikuwa zikitua Mbeya kabla ya kuendelea kuelekea kusini. Kisha, mnamo Desemba 2012, kiwanja kipya cha Songwe kilifunguliwa, chenye njia ya kurukia inayozidi kilometa tatu, badala ya kile kiwanja cha zamani kilichobanwa na milima mjini Mbeya. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi ughaibuni. Baba aliponipa habari hizo kwa simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejengewa kiwanja hicho yeye mwenyewe.

Sasa hebu nikueleze gharama, maana bila gharama kisa hiki hakina uzito. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya urubani wa biashara hudai saa 200 hivi za kuruka, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa. Kila saa mojawapo hununuliwa: mafuta, mwalimu, na ndege yenyewe. Kiinua mgongo cha baba kilikwisha kabla saa zangu hazijafika nusu. Zilizobaki zilitoka kwa baba yangu mdogo, ambaye aliuza sehemu ya shamba lake la kahawa huko Mbozi kwa makubaliano kwamba nikianza kazi nitamrudishia upesi, ili naye apate kumsomesha binti yake chuoni. Binti huyo alikuwa kidato cha tano. Tuliandikiana karatasi, tukatia sahihi, mashahidi wakiwapo.

Lakini leseni si kazi. Rubani mwenye saa 200 ni kama fundi aliyemiliki nyundo lakini hajajenga nyumba. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria kwa cheo cha kapteni, hudai saa 1,500. Kati ya saa 200 na saa 1,500 pana jangwa, na kila rubani kijana hulivuka kwa namna anavyojaliwa. Wengine hukaa nyumbani mwaka mzima, na ujuzi ukaanza kuota kutu. Kwa hiyo nilipopata barua mbili katika muda wa juma moja, nilijiona mwenye bahati kuliko wenzangu wote tuliosoma pamoja.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mwenye ndege za kukodi. Alikuwa na ndege za injini moja za aina ya Cessna Caravan, ambazo huchukua abiria kama kumi na wawili na kutua hata kwenye viwanja vya udongo, mbugani na visiwani. Baada ya mafunzo ya majuma machache ningekaa peke yangu kwenye usukani, mimi mwenyewe nikiwa kapteni. Mshahara wa mwezi ulikuwa mdogo, lakini juu yake palikuwa na posho nono kwa kila saa niliyoruka. Tulipopiga hesabu, mapato yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya barua ya pili, na saa 1,500 ningezipata ndani ya miaka miwili.

Barua ya pili ilitoka kwa kampuni kubwa zaidi yenye ndege za abiria za injini mbili. Huko ningekaa kiti cha kulia, yaani kiti cha rubani msaidizi. Malipo yalikuwa ya mwezi, hayaongezeki sana wala hayapungui sana. Tena palikuwa na kifungo: kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake maalumu, nayo ni ghali, kampuni ingenilipia, nami ningetia sahihi kutoondoka kabla ya miaka mitatu, la sivyo nizilipe fedha hizo.

Nilipanda basi hadi Tunduma nikiwa nimekwisha kuamua moyoni. Nilitaka barua ya kwanza. Nilitaka fedha za kumlipa baba mdogo, nilitaka saa, na sitakuficha, nilitaka ile milia minne begani nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Jioni ile tulikaa uani. Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Mbozi, na baada ya kusalimiana na kula, akasema kwa upole, lakini kila mtu alielewa, kwamba mchagua jembe si mkulima. Kazi imekuja yenye fedha. Ya nini kuipima-pima? Baba naye alitaka ile ya pili, kwa sababu ambayo hakuificha: ndege za kampuni ile zilikuwa zikitua Songwe, naye alitamani siku moja asimame pale nje ya uzio na kumwona mwanawe akishuka kutoka kwenye ndege kubwa. Mmoja aliipima kazi kwa deni, mwingine kwa heshima. Nami niliipima kwa milia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiipima kazi kwa kazi yenyewe.

Mama alikuwa akiosha masufuria. Akauliza bila kugeuka, "Baba, huyo wa kwanza anayelipa kwa saa, ukienda ukakuta mawingu yamefunga ukarudi njiani, anakulipa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Nikaongeza, kwa ile jeuri ya msomi, kwamba ndege si malori.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimewapikia madereva miaka ishirini. Wako wanaolipwa kwa mwezi na wako wanaolipwa kwa safari. Wa mwezi akiona usingizi analala chini ya gari lake, asubuhi anakuja kunywa chai. Wa safari anakunywa chai usiku, anaondoka macho mekundu. Wote ni watu wazuri. Wote wana watoto. Lakini ninaowauliza wenzao habari zao, nikaambiwa gari lilimshinda mteremkoni, aghalabu ni wale wa safari."

Ndugu msomaji, baba alikuwa mtu wa reli, na maneno hayo yalimwamsha. Alituambia kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona dereva wa treni akikatwa mshahara kwa kusimama kwenye ishara nyekundu. Dereva hasimami kwa ujasiri wake. Ishara ndiyo iliyomsimamisha, na nyuma ya ishara iko reli nzima. "Wewe huko angani," akaniuliza, "ishara yako nyekundu ni nani?"

Jibu nililijua, nalo halikunifurahisha. Katika ndege ya rubani mmoja, mbali na mnara wa kuongozea ndege, ishara nyekundu ni rubani mwenyewe. Na ikiwa rubani huyo hulipwa kwa kufika tu, basi ishara hiyo inadaiwa kodi ya nyumba, inadaiwa shamba la kahawa, na ada ya binti aliye kidato cha tano. Ishara yenye madeni ni vigumu kuwa nyekundu.

Hapa sharti nikueleze kidogo kuhusu anga la pande zetu, ili usidhani tulikuwa tukiogopa kivuli. Kiwanja cha Songwe kiko kwenye mwinuko wa mita 1,300 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hupata hewa pungufu ya kuegemea, nayo injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ndege iliyopaa kwa urahisi Dar es Salaam hujikokota ikiwa huko. Juu ya hayo iko milima: safu ya Mbeya yenye kilele kinachozidi mita 2,800, na Rungwe unaokaribia mita 3,000. Masika mawingu huikalia milima hiyo kama kuku juu ya mayai. Ukungu wa asubuhi nao ni mwenyeji wa siku nyingi, na kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa kiwanja kile hakikuwa na taa za kuongozea ndege, hata ikawa kawaida kusikia ndege imeshindwa kutua na kurudi ilikotoka. Mahali kama hapo, kujua kurudi ni nusu ya urubani.

Kwa hiyo nilirudi Dar es Salaam na swali la mama mfukoni, nikaenda kuwauliza wote wawili.

Yule mwenye ndege za kukodi alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Nilipomwuliza, alicheka. Alisema saa isiyoruka haina posho, na abiria asiyefika hana nauli, na kwamba marubani wake ni vijana hodari, si watu wa kurudi-rudi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mfanyabiashara akieleza biashara yake. Nami namshukuru mpaka leo kwa kunijibu kweli, maana angeweza kunidanganya.

Katika ile kampuni ya pili nilipelekwa kwa rubani mkuu, mzee mwenye miwani. Swali halikumchekesha. Alinijibu kwa kunisimulia siku mbili alizorudi njiani yeye mwenyewe, moja akiwa na kiongozi mkubwa ndani ya ndege, na jinsi alivyoandika taarifa ya nusu ukurasa, mambo yakaisha. Halafu akaniuliza yeye: "Ukiwa kiti cha kulia, ukaona mimi nakosea, utasema?" Nikamjibu kwamba nitasema. Akatikisa kichwa. "Wote husema hivyo wakiwa ardhini," akaniambia. "Hapa tutakufundisha kusema ukiwa angani."

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini aliuliza. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini ndani ya ukungu, na watu 583 wakapoteza maisha. Kapteni wa KLM hakuwa mwanagenzi; alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakubwa wa kampuni yake. Alianza kukimbia kupaa bila ruhusa. Mhandisi aliyekuwa naye katika chumba cha marubani aliuliza kwa mashaka kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyesema zaidi. Miongoni mwa mambo yaliyoelezwa baadaye ni kwamba muda wao wa kazi ulikuwa ukikaribia kumalizika kisheria, nao walikuwa na haraka. Tangu siku hizo makampuni ya ndege duniani yalianza kuwafundisha makapteni kusikiliza na wasaidizi kusema.

Nalitaja hilo ili usinielewe vibaya. Sisemi ndege kubwa ni salama na ndogo ni hatari. Wako wenye Caravan wanaolipa kwa mwezi, wanaomweka kijana pamoja na rubani mzoefu kwa miezi mingi, na wanaomheshimu aliyerudi. Aliyefunzwa huko hujua upepo, udongo na mvua kuliko sisi tuliolelewa kwenye lami. Na iko mikubwa yenye rangi nzuri ambamo msaidizi haruhusiwi kukohoa. Ukubwa wa ndege haukujibu swali la mama. Mwenye ndege ndiye anayelijibu.

Nilichagua barua ya pili. Sikuichagua kwa wepesi, na gharama yake haikuwa hadithi. Deni la baba mdogo, ambalo lingelipika kwa miaka miwili, lililipika kwa minne. Yule binti yake alimaliza kidato cha sita, akakaa nyumbani mwaka mzima akingoja ada. Sasa ni mwalimu, ana watoto wawili, nasi tunapendana. Lakini akitaka kunichokoza hunitajia mwaka wake ule, nami hunyamaza. Ninajua alilipia usalama wangu kwa ujana wake. Yeyote atakayekuambia kwamba uamuzi mzuri hauna anayeumia, mwulize amewahi kuamua mambo mangapi.

Mwaka wa pili wa kazi ndipo nilipolipwa jibu langu. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Songwe. Tulipofika, ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote, na mnara ukatuambia hali ilivyo. Kila kiwanja kina kimo cha chini kabisa ambacho rubani hatakiwi kukipita iwapo bado hajaiona njia ya kurukia. Tulishuka hadi kimo hicho, hatukuona kitu, tukapaa tena. Tukazunguka. Kapteni, mtu mwema mwenye maelfu ya saa, akatazama chini na kuona upenyo, na ndani ya upenyo kipande cha lami. Akasema, "Naiona. Tujaribu tena, safari hii tutapita."

Nami nilikiona kile kipande. Nikaona pia ukungu ukikifunga tena, polepole, kama mtu avutaye shuka. Mdomo wangu ulikuwa mkavu. Nikasema, "Kapteni, mimi naona turudi. Mafuta ya kurudi tunayo sasa. Tukijaribu tena tutakuwa tunakula akiba." Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima. Kisha akasema, "Sawa. Turudi."

Miongoni mwa abiria alikuwapo mtu aliyekuwa akienda Vwawa kumzika baba yake. Mazishi yalikuwa mchana ule. Tulipotua Dar es Salaam alitungoja chini ya ngazi, akatuambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Baba yake alizikwa yeye hayupo. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa pole, na pole yangu haikumfaa. Saa mbili baadaye ukungu uliondoka, na jua likawaka Songwe kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo hata leo siwezi kumwonyesha mtu yule ajali ambayo tuliikwepa. Hiyo ndiyo shida ya kurudi njiani: hasara yake huonekana, faida yake haionekani kamwe.

Mwisho wa mwezi nilitazama hati yangu ya mshahara. Haikuwa imepungua hata senti. Nikampigia mama simu, nikamwambia, "Mama, wanalipa."

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja ndiye aliyeichukua nafasi niliyoiacha kule kwenye ndege za kukodi. Hakuanguka, namshukuru Mungu, na leo ni kapteni mwenye sifa kuliko mimi. Lakini aliwahi kuniambia kwamba mwaka wa kwanza, alasiri moja, alipita chini ya mawingu kwenye kingo za bonde la Ziwa Rukwa, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa imefika na saa zake za mwezi ule zilikuwa chache. Alitarajia kuona mawingu mbele yake, akaona miti. Aligeuza ndege, akatua, akakaa ndani yake peke yake mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Mwezi uliofuata alihamia kwa mwingine mwenye ndege za aina ile ile, ila huyo analipa kwa mwezi.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufunzwa kwamba mambo haya ni ya kweli. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Simlaumu mtu, wenye kazi ya kuchunguza walifanya kazi yao. Ninachojua ni kwamba tangu asubuhi ile kila mzazi wa rubani husikiliza taarifa ya habari kwa sikio la namna nyingine.

Basi, ndugu msomaji mwenye kijana na barua mbili, usimwulize kwanza ni shilingi ngapi. Mwambie aende akaulize: malipo ni kwa mwezi au kwa saa? Ukitazama mawingu ukasema hapana, nani mwingine anayeweza kusema ndiyo? Fundi akisema ndege hii leo hairuki, mwenye mali ana uwezo wa kumpinga? Miezi ya kwanza nitaruka na nani? Nitapumzika saa ngapi kati ya kazi na kazi? Na kama pana mkataba wa kumfunga, ausome wote, hata maandishi madogo, mbele ya mtu anayeelewa sheria. Kuuliza si ujinga. Mwajiri anayeudhika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Wala kijana asivutwe na jina lililopakwa ubavuni mwa ndege. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilionekana kama mlima, likavunjika mwaka 1977. Fastjet ilianza safari zake nchini mwaka 2012 kwa kishindo, ikajaza watu wa tabaka zote katika ndege zake, Songwe ikiwamo. Mwaka 2018 ilisimama. Majina hupita. Kinachobaki mkononi mwa rubani ni kitabu chake cha kumbukumbu za safari, na mazoea aliyoyapata katika saa zake elfu za kwanza. Aliyezoeshwa kupenya atapenya hata akiwa mzee. Aliyezoeshwa kurudi atarudi.

Na wewe mzazi au ndugu, unayo sehemu yako pia. Baba mdogo angeweza kuliita deni lake kila mwezi. Hakufanya hivyo, na baada ya kusikia maneno ya mama hakuwahi hata mara moja kunipigia simu ya fedha asubuhi. Hupiga jioni, nikiwa nimetua. Fanya nawe vivyo hivyo, awe mtoto wako ni rubani, dereva wa basi au mwendesha bodaboda. Usimpandishe chomboni pamoja na madeni yako.

Tena siku utakapokuwa abiria, rubani akatangaza kwamba mnarudi, utakasirika, na ni haki yako, kwani labda nawe una maiti inayokungoja. Ila ukishuka, mpite kimya. Huyo aliyekurudisha amefanya kazi ambayo hakuna atakayemshukuru kwayo.

Mama sasa ameacha kupika kibandani, magoti hayamruhusu. Nilipokwenda kumsalimu mwaka huu tulikaa pamoja kando ya barabara, tukitazama malori yakielekea mpakani. Moja lilikuwa limeandikwa nyuma kwa rangi nyeupe, KAWIA UFIKE, nalo likapita mbio likitimua vumbi. Mama akalisindikiza kwa macho, akasema, "Huyo analipwa kwa safari."